Fundi wa Nondo na Mashine ya Santuri

Hakuwa na mashine ya kupigia santuri. Hakuwa na spika, wala sindano, wala brashi ya kuondolea vumbi, wala meza iliyosimama sawa. Hakuwa na mke. Hakuwa na jino moja la mbele, maana lilibakia kwenye ngumi ya mtu aliyegombana naye kituo cha mabasi. Subira ndiyo kabisa, hakuwahi kuwa nayo hata ya kuazima. Alichokuwa nacho ni kasha zima la santuri alilopewa na mwenye nyumba kuukuu waliyoibomoa, pamoja na mikono miwili iliyoshinda kutwa ikikunja vyuma vya zege. Kazini walimwita Nondo, na jina likamkaa.

Aliishi na mama yake katika vyumba viwili. Siku za mapumziko alizitoa zile santuri kwenye kasha, akazigeuza huku na huku, akazisugua kwa kitambaa cha jikoni, kisha akazirudisha bila kujua zimebeba sauti gani. Mwishowe uchu ukamzidi. Jumamosi moja alivaa shati lake la buluu, lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, akaenda mtaa wa vyombo vya umeme.

Mtaa ule siku kama hiyo ni vurugu tupu. Kila duka linapiga muziki wake kushindana na la jirani, wapagazi wanapayuka watu wapishe, wauzaji wanavuta wateja kwa mikono ya mashati. Nondo alisimama mbele ya kimashine chekundu kilichotengenezwa kama sanduku la safari. Alikuwa amekwisha kukipenda aliposikia sauti ya mwanamke nyuma yake.

"Hicho usinunue."

"Kwa nini? Mbona kizuri?"

"Hata chui ni mzuri. Mkono wake mzito na haurekebishiki. Utapiga santuri yako miezi michache, sindano iwe imeshailima kama shamba."

Nondo akageuka. Alikuwa mwanamke mrefu, gauni la kijani, aproni ya ngozi yenye bisibisi mfukoni, kitambaa cha njano kichwani, na miwani ya kukuzia imepandishwa kwenye paji la uso. Begani alining'iniza mkoba. Kabla Nondo hajajibu, mtu mmoja alipita mbio, akaunyakua mkoba ule, akamsukuma mwenyewe hadi chini.

Nondo hakufikiri. Alipiga ngumi moja tu. Pua ya mwizi ililia kama kuni kavu, damu ikaruka kwenye shati la buluu na kwenye kile kimashine chekundu. Umati ukanusa damu. Watu ambao dakika hiyo hiyo walikuwa wakibishania bei za redio wakaja na mateke, mmoja na kipande cha bomba.

"Mwacheni! Mtamuua!" mwanamke alipiga kelele, lakini nani angemsikia? Ikabidi Nondo awasukume watu kwa mabega, akala bomba la mgongo, mpaka mwizi akapata upenyo wa kutambaa na kutokomea akiacha michirizi myekundu barabarani.

"Umemvunja mtu pua," mwanamke alisema akikung'uta gauni, "kwa mkoba wenye waya na risasi ya kuchomelea."

"Ningejua ni waya, ningempiga kidogo."

Alicheka. Baadaye mwanamke alikuja kujilaumu kwa kicheko kile, lakini siku hiyo alicheka mpaka miwani ikamdondokea puani. "Njoo dukani kwangu, bwana mkubwa. Unafuja damu ya watu, usije ukafuja na santuri."

Alikuwa fundi wa mashine za santuri, na duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa kioo. Alimkalisha Nondo kwenye kigoda akamfundisha kama mwalimu. Tafuta mashine nzito isiyotikisika. Tafuta mkono wenye kizito cha nyuma kinachozunguka, ili uzito wa sindano uupange mwenyewe. Mashine ununue iliyotumika ukipenda, lakini sindano iwe mpya, maana hujui ya zamani imekwaruza mangapi. Kumbuka kikuza sauti, kwa kuwa sauti ya sindano ni nyonge na spika peke yake haziisikii. Spika zisikae meza moja na mashine. Brashi ifuate mviringo wa mifereji, isikate katikati. Santuri zisimame wima kama vitabu, zisilale kama chapati zilizopangwa.

"Na kitambaa cha jikoni?" Nondo aliuliza kwa sauti ndogo.

"Usiniambie."

"Basi sikwambii."

Kisha akamwonyesha kazi yenyewe. Kizito cha nyuma kilizungushwa taratibu, taratibu, mpaka mkono wa mashine ukaelea hewani, haupandi wala haushuki. Ili kuona, iliwabidi wainame wote wawili, shavu karibu na shavu.

"Zuia pumzi," alimnong'oneza. "Ukipumua unaupeperusha."

Nondo akazuia pumzi. Alinusa sabuni shingoni mwa yule mwanamke, na moyo wake ukampiga hadi akaogopa utautikisa ule mkono. Maisha yake yote hakuwa amekaa kimya na mtu namna hiyo.

Nondo aliondoka na mashine iliyotumika, sindano mpya na namba ya simu ya fundi, na tangu siku hiyo simu hazikukoma.

"Fundi, imelia! Kuna mtu anaimba humo ndani, analia kama kafiwa!"

"Meza yako imesimama sawa?"

"Nimeipima kwa pimamaji."

"Pimamaji? We mwanaume, unajua kunitongoza."

Nondo akaja dukani na pimamaji hiyo, akazinyoosha rafu zote. Mwanamke alimwona akiibusu kabla ya kuilaza, akamcheka wiki nzima. Wakapendana waziwazi. Alimwita jitu langu, naye Nondo akamwita laazizi, hata mbele ya wateja. Sharti alilopewa lilikuwa moja tu: "Mikono yako iishie kwenye vyuma. Mimi sitaki kuolewa na ngumi."

"Nimeshaacha," alisema Nondo, na alisema kweli kadiri alivyojijua.

Ikaja siku ambayo Nondo alimpigia simu mchana, haikupatikana. Akapiga tena. Akapiga mara nyingi kiasi kwamba wenzake kazini walianza kumtania: "Mchumba kazima simu? Basi kuna mtu kawashwa!" Walicheka, na kicheko chao kikamwingia kama msumari. Akatupa glovu, akaenda zake.

Kupitia kioo cha mlango aliwaona. Yule mwanamke alikuwa ameinama juu ya meza, na kando yake kijana mmoja mpiga tarumbeta wa bendi, suti ya kijivu, viatu vinavyometa. Shavu karibu na shavu. Kimya. Wote wawili wamezuia pumzi.

Mtu mwingine angeona fundi na mteja wanasawazisha mkono wa mashine, na simu imezimwa kwa sababu ikitetemeka mezani inaharibu kipimo. Nondo, aliyeijua kazi ile, ndiye aliyekosea, kwa kuwa ukimya ule aliuhesabu wake. Hakuwahi kufikiri kwamba kila anayenunua mashine huinamishwa hapo hapo, akaambiwa maneno yale yale.

Aliusukuma mlango kwa teke, kioo kikamwagika sakafuni. Ngumi aliyoirusha ilimlenga kijana. Kijana alikuwa anainama zaidi kuangalia sindano, nayo ikampita juu ya kichwa, ikatua kwa uzito wake wote kwenye sikio la kushoto la mwanamke aliyempenda.

Alianguka juu ya meza, meza ikaanguka naye, mkono wa mashine ukavunjika, na damu nyembamba ikatoka sikioni ikateremka shingoni, pale pale penye harufu ya sabuni.

"Umemuua!" mpiga tarumbeta aliruka akamkung'uta kwa kasha la tarumbeta usoni. Nondo hakujikinga. Wakaja majirani wenye maduka, wakaja wapagazi. Walimpiga kwa mbao, kwa minyororo ya baiskeli, wakamkanyaga mbavu hadi moja ikaachia. Alipozinduka alikuwa kwenye mtaro, na duka limefungwa.

Wiki ile alilala kwao, jicho moja limeziba, mama yake akimkanda kwa maji ya moto bila kuuliza sana. Simu ikaita.

"Nondo."

Aliishika simu kwa mikono miwili.

"Nondo, sema kitu. Nimeiweka sikio la kulia. La kushoto linapiga filimbi tu, daktari anasema ngoma imepasuka."

"Nisamehe."

"Hilo umeshaniandikia mpaka simu imejaa. Nisikilize mimi. Askari alikuja wodini. Nimemwambia rafu ya spika iliniangukia."

"Kwa nini umesema hivyo?"

"Kwa sababu nakupenda, jitu wee. Nikamtafute wapi mwingine anayebusu pimamaji? Mpiga tarumbeta nimemsihi, amenyamaza, ingawa alitema mate chini. Njoo Jumamosi tuyamalize. Tufunge ndoa, watu wachoke kusema."

Nondo alikata simu akiwa mtu mwingine. Machozi yalimtoka kwenye jicho zima na kwenye lililoziba. Akamweleza mama yake yote, tangu ngumi hadi rafu ya spika. Mama alikuwa ameketi kitandani akikunja nguo, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mwanawe aletwe.

"Huyo ndiye mke, mwanangu. Anajua kusitiri nyumba. Mimi baba yako, Mungu amrehemu, alinivunja mkono huu, nikasema nimeteleza bafuni. Akanipasua mdomo, nikasema nimeanguka ngazini. Nilianguka miaka yote ya ndoa yangu, nawe ukakua, ukala, ukavaa."

"Nyumba yetu haikuwa na ngazi, mama."

"Hakuna aliyeuliza."

Aliendelea kukunja nguo. Nondo aliutazama mkono wa kulia wa mama yake, ambao haukuwahi kunyooka vizuri, na ambao tangu utotoni aliuona kama umbile lake. Furaha ikamtoka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Kulipokucha alichechemea hadi kituo cha polisi. Askari wa zamu alimsikiliza, akafungua kitabu, akakifunga.

"Mwanamke mwenyewe kasema kaangukiwa na spika. Hana lalamiko."

"Mimi ninalo. Mimi ndiye niliyempiga."

"Unajishtaki?" Askari akawaita wenzake. "Jamani, njooni mwone! Huyu kaja kujikamata!" Walicheka hadi wakashika meza. "Kaka, nenda ukaoe. Kama unang'ang'ania, mwandikie mkuu wa kituo. Barua ikishapokelewa, hapo hatuna namna."

Jumamosi alikwenda dukani na barua mfukoni. Mlango ulikuwa umezibwa kwa ubao. Mwanamke alikuwa amevaa gauni jeupe, pamba sikioni, na alipomwona alisimama, akageuza kichwa kidogo ili amsikie. Kule kugeuza kichwa kulimuuma Nondo kuliko ubavu.

Alimwambia kwamba amekwenda kujishtaki, na kwamba barua aliyonayo ni ya mkuu wa kituo. Mwanamke alimsikiliza hadi mwisho, kisha akanyakua waya wa spika akamcharaza nao kifuani, mabegani, shingoni.

"Nimekuokoa! Nimedanganya serikali kwa ajili yako, nawe unanirudishia usoni! Watakufunga!"

"Wanifunge."

"Na mimi nibaki na nini? Sikio moja na aibu?"

"Ukinidanganyia leo, laazizi, kesho nitajua unajua kudanganya. Nitakupiga tena. Sisemi nataka. Nasema najijua. Mama yangu alimsitiri baba mpaka baba akafa hajawahi kujua kwamba yeye ni mpigaji."

Waya ukamdondoka mkononi. Alikaa kwenye kigoda, akalia kwa muda mrefu, naye Nondo hakuthubutu kumgusa. Mwishowe alijifuta kwa pindo la gauni akanyoosha mkono.

"Lete niione."

Alisoma polepole, miwani ya kukuzia puani. Katikati akasimama.

"Umeandika hapa, 'kwa bahati mbaya mkono wangu ulimgusa sikioni.'"

"Ndiyo."

"Hukunigusa, Nondo. Ulinipiga. Na bahati haikuwamo."

Akachukua karatasi safi na kalamu, akaziweka mbele yake. Nondo aliandika upya, mkono ule mnene ukiishika kalamu kama unaogopa kuivunja: nilimpiga, kwa ngumi, nikiwa na akili zangu, na kabla yake niliwahi kuwapiga wengine. Mwanamke alisimama nyuma yake akisoma kila mstari unavyotoka. Nondo alipomaliza, akatia sahihi.

"Sikuahidi kitu," mwanamke alisema.

"Sijaomba."

"Lakini siku ya kesi nitakuja. Nitakaa upande ambao nakusikia."

Nondo aliikunja barua, akaitia kwenye bahasha, akapaka gundi, akaibana kwa vidole vyake hadi ikashika. Walitoka pamoja, bila kushikana mikono, wakapita katikati ya kelele za maduka mpaka posta. Aliishika bahasha kwenye mdomo wa sanduku, akamtazama mwenzake mara moja, akaiachia.