Jasho la Bombani

Kila asubuhi, kabla ya shule, Chiriku alitoka na baba yake kutembea. Jina hilo alibandikwa na bibi yake, kwa sababu mdomo wake haukuwa na siku ya mapumziko. Baba, fundi cherehani, alikuwa amezibuliwa mshipa wa moyo hospitalini, akaagizwa atembee kila siku.

"Mwangalie baba yako," mama alisema mlangoni. "Asije akakwama kwa kinyozi."

"Akwame na mimi nipo, mama?"

Walipokata kona tu, hao, kwa kinyozi! Baba akaketi kucheza drafti, Chiriku akaruka kamba na wenzake. Wakati wa kurudi walipitia bombani, wakajirushia maji usoni na shingoni, kisha wakaingia nyumbani wakihema kama waliokimbizwa na mbwa.

"Hongera, mume wangu! Jasho hilo!" mama akashangilia.

Mwanzoni Chiriku alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Kisha siku moja akamwona baba akipanda ngazi za nyumbani huku ameshika ukuta, midomo imemkauka. "Usimwambie mama yako," baba alinong'ona.

Tangu hapo Chiriku hakutulia. Darasani miguu ilimcheza hadi mwenzake wa dawati akamuuliza, "Umekalia siafu?" Nyumbani alikuwa kimya, bibi akamgusa paji la uso akidhani ana homa.

Siku ya kliniki ikafika, wakaenda wote watatu.

"Mzee, unatembea?" muuguzi aliuliza.

"Kila siku, sista."

"Anarudi amelowa chapachapa!" mama alijisifu.

"Safi. Basi tumuongezee. Kuanzia kesho apande kilima."

Chiriku akainuka, akakaa, akainuka tena. "Asipande! Lile si jasho, ni maji ya bomba!"

Mama alimtazama baba kama mteja aliyeshonewa suruali ya mguu mmoja.

Muuguzi hakufoka. "Kwa nini, mzee?"

Baba aliangalia viatu vyake. "Nikitembea, moyo unadunda. Naogopa utafumuka kama mshono mbovu."

"Mbona hukuniambia?" mama aliuliza.

"Ulivyolifurahia lile jasho, ningeanzia wapi?"

"Kudunda kidogo ni kazi yake," muuguzi alisema. "Achana na kilima. Anza taratibu, tambarare, huku ukizungumza. Ukishindwa kujibu kwa sababu ya kuhema, punguza mwendo. Kifua kikiuma, simama, uombe msaada mara moja. Una mtu wa kuzungumza naye?"

Wote wakamgeukia Chiriku.

Kesho yake walimpita kinyozi. "Fundi, drafti imepangwa!"

"Ngoja kwanza, binti yangu hajamaliza hata salamu!"

Waliporudi, mama alimpangusa baba paji la uso kwa kidole, akaonja. "Lina chumvi," alitangaza. "Hili ndilo jasho lenyewe."

Bibi akacheka mpaka kilemba kikamlegea. Kisha akamvuta mjukuu wake karibu.

"Sikia. Ulipomfichia baba yako, ulidhani unampenda, kumbe ulimwacha na hofu yake peke yake. Mgonjwa hapati nguvu kwa kulindwa wala kwa kusifiwa bure. Anapata kwa watu wanaomwambia kweli na kutembea naye. Umeelewa?"

"Nimeelewa, bibi. Na tena njiani tulimwona yule muuza mkaa, halafu..."

"Basi, basi! Hayo mwambie baba yako kesho."