Mkate Haukuwa na Kosa

Kila tanuri lilipofunguliwa, mwoka mikate alikata kipande cha kwanza mbele ya vijana wake wa kazi, akakitafuna, kisha akatoa hukumu. Mkate wenye kasoro haukutoka dukani. Alikuwa na haki ya kuringa, maana mtaa mzima ulikula kutoka mikononi mwake.

Kisha vipande vikaanza kumkwama kifuani. Akaulaumu mkate. Eti ni mkavu. Akaongeza mafuta, akaongeza maziwa, akapunguza moto. Mkate ukawa laini hadi ukawapukutikia wateja mikononi, na bado haukushuka. Hata maji yakaanza kugoma. Akilala, chakula kinamrudia mdomoni. Suruali zikampwaya. Mbele ya vijana aling'ata kidogo, akasema "safi", kisha akaenda kutema nyuma ya magunia ya unga.

Mkewe alimkuta huko. Hakumgombeza. Alimwita mdogo wake, muuguzi wa hospitali.

"Shemeji, umeutibu mkate mpaka umechoka," alisema muuguzi. "Mgonjwa ni wewe."

Hospitalini alipigwa picha huku akimeza dawa nyeupe, akachunguzwa kwa kamera, misuli ikapimwa. Umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ulikuwa umepoteza nguvu ya kusukuma. Msuli wa chini, mlangoni mwa mfuko wa chakula, ulikuwa haulegei. Daktari alisema kuna puto la kuupanua msuli huo, ila mara nyingi hurudiwa. Kuna pia njia mbili za kuukata, moja kwa kamera kupitia mdomoni na nyingine kwa upasuaji wa tumbo, na zote zilimfaa. Achague.

Mke alitaka ya kupitia mdomoni. Habari za kisu tumboni hakutaka hata kuzisikia. Muuguzi akawaeleza bila haraka.

"Zote hukata msuli uleule, na kwa zote utalazwa usingizi. Ya kamera hupita mdomoni, haiachi kidonda nje. Lakini baadaye asidi huwapanda watu wengi zaidi, na huenda ukahitaji dawa za kiungulia. Upasuaji hupitia matundu madogo tumboni. Daktari hukunja sehemu ya mfuko wa chakula kuzunguka umio ili kupunguza asidi. Vidonda hivyo vinahitaji muda kupona."

"Na kumeza?" aliuliza mwoka mikate.

"Kwa wengi, zote hufungua njia vizuri. Ila umio haurudishiwi nguvu. Utakula taratibu maisha yako yote."

Alifikiri sana. Kutwa anainama mbele ya tanuri, na anayeinama asidi humpanda kirahisi. Akachagua upasuaji. Muuguzi alisema mtu mwingine angechagua kamera na asiwe amekosea. Daktari naye akaridhia.

Alipopona na kuruhusiwa vyakula vigumu, alirudisha mkate wake wa zamani, wenye ganda la kuvunjika. Alikaa wima, akakata kipande cha kwanza. Alitafuna mpaka vijana wakachoka kusubiri. Akameza. Kikashuka.

"Chumvi imepungua," alisema. "Huu hautoki."

Mkewe alifuta machozi, akatoka kwa wateja kifua mbele.

"Leo mkate mtausubiri," aliwaambia. "Mume wangu ameukataa."