Jina Lililomnyamazisha Mtoto

Nilitoka nje kuanua nepi. Hilo tu. Jua lilikuwa linazama nyuma ya miti ya blugamu hapa Kibomet, na mama mkwe wangu, Agneta, alikuwa ameshanikumbusha mara kadhaa kwamba nguo za mtoto mchanga hazilali nje. Alikuwa amekuja Kitale kutoka Misikhu kunisaidia kulea. Kusema kweli, msaada wake mkubwa ulikuwa kunikosoa.

Binti yangu alikuwa analia. Daktari alimpima, hakuona ugonjwa. Alilia mchana na usiku, ziwa akalishika na kuliacha, mashavu yakaanza kubonyea. Mimi sikuwa nimelala usingizi wa maana tangu nijifungue. Nilikuwa nasinzia nimesimama, sufuria mkononi. Mume wangu, Mukhwana, alikuwa safarini na lori la mahindi, upande wa Lwakhakha.

Kwetu Wabukusu, mtoto akilia namna hiyo, husemwa kuna marehemu anayetaka jina lake. Unataja majina ya waliokufa, moja moja. Akinyamaza, umempata. Agneta alikuwa ametaja ukoo mzima wa marehemu mumewe: Nasambu, Nakhumicha, Nangila... Mtoto akazidi kupiga kelele.

Basi nilikuwa pale kwenye kamba. Katikati kulikuwa na shuka la kitanda, limening'inia hadi karibu na nyasi. Nikasikia pegi ikibanduliwa upande wa pili.

Tik.

Kisha nyingine.

Nikadhani ni jirani. "Asante," nikasema.

Halafu ile harufu... Nyasi za paa zikiungua, na ndani yake nywele. Kibomet yote ni mabati. Nikainama. Chini ya shuka niliona miguu ya mwanamke, peku, imejaa majivu hadi kwenye vifundo.

"Rete nimushike," sauti ikanong'ona. "Mimi najua kumunyamazisha."

Nilitaka kukimbia. Mwili ukakataa. Niliona kila uzi wa lile shuka, lakini mikono haikuwa yangu tena.

"Wewe ni nani?" Sijui kama nilitamka au niliwaza tu.

"Mbona hamniitangi?"

Akaniambia jina lake.

Upepo ukainua shuka. Hapakuwa na mtu. Nepi zilikuwa ndani ya beseni, zimekunjwa pembetatu. Mimi hukunja mraba.

Niliingia ndani mbio. Agneta alikuwa anazunguka sebuleni na mtoto, kelele zimejaa nyumba nzima.

"Namarome," nikasema.

Kimya.

Mtoto alinyamaza katikati ya kilio, mdomo ukiwa bado wazi. Agneta alikaa chini kwa ghafla, karibu amwangushe.

"Nani amekuambia hiro jina?"

"Mama, ni nani huyo?"

"Si wa kuitwa. Usirudie tena, Nabwile. Tutamuita Fridah, tumalize."

Ikawa Fridah. Na Fridah hakulia tena. Alilala tu, macho wazi, ziwa hataki kabisa. Nikagundua kuna kitu kibaya kuliko kilio. Nilimkamulia maziwa, nikampa kwa kijiko, yakamwagika shingoni.

Asubuhi nilimkimbiza kwa Chepkemei, nesi wa kliniki. Nilimweleza yote, hata miguu. Hakunicheka.

"Ubongo ukinyimwa usingizi, unaiba," alisema. "Unalala kidogo macho yakiwa wazi, ndoto inaingia kwa kile unaona. Hata hiyo kushindwa kusonga ni usingizi."

"Na jina?"

"Si pengine ulilisikia mahali, bana. Kichwa huweka vitu bila kukuambia." Akamfinya mtoto ngozi ya tumbo, akakunja uso. "Lakini huyu asiponyonya leo, kesho tunamlaza wodini. Na sikudanganyi, ni mdogo sana."

Nilishinda pale kliniki nikimjaribisha ziwa, jioni nikarudi nyumbani nikiwa nimeshikilia maneno yake yote, ya kunituliza na ya kunitisha. Nilimkuta Agneta mlangoni.

"Mtoto ananifia, Mama. Niambie huyo Namarome ni nani."

Aliongea akiangalia sakafu.

"Dada ya baba yake Mukhwana. Mukhwana akiwa mdogo alikuwa analia hivi hivi. Kwangu, analia. Kwa Namarome, ananyamaza. Mtoto wangu mwenyewe!" Alifuta mdomo kwa leso. "Nikasema anamroga. Nirisema tu, Nabwile. Nirikuwa na wivu. Watu wakaenda na moto."

"Alikuwa ndani?"

Alijifunika uso kwa leso.

"Wazee wakakubaliana hakuna mtoto ataitwa yeye," akasema. "Ndio aishe kabisa."

Nilishikwa na hasira, hofu ikakosa nafasi. Nilifungua mlango wazi, giza likianza kushika, nikamwinua binti yangu kuelekea nje.

"Namarome," nikaita kwa nguvu, majirani wasikie. "Namarome wa Mukhwana. Karibu nyumbani."

Agneta aliziba masikio. Mtoto aligeuza kichwa, akalitafuta ziwa, akavuta hadi nikaumia. Nililia kwa furaha. Usiku huo tulilala, mimi na yeye, mpaka jua likatukuta.

Sasa Namarome wangu amenona. Nalala vizuri mpaka naona aibu. Asiyelala ni mama mkwe. Anakaa kwenye kochi, macho wazi, midomo ikicheza. Anasema kuna mtu nyuma ya pazia. Anataka kurudi Misikhu, lakini kila akiinua begi lake, mtoto anaanza kulia, analia hadi anageuka rangi. Agneta akiweka begi chini, ananyamaza.

Nilimweleza alivyosema Chepkemei. Nilimweleza kwa upole, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Ubongo ukinyimwa usingizi, unaiba. Ni ndoto tu, Mama.

Jana jioni mgongo uliniuma, nikamwomba aanue nepi. Alikawia. Aliporudi alikuwa amekumbatia beseni, pindo la rinda lake lina majivu. Nepi zilikuwa zimekunjwa pembetatu.

"Umezikunja wewe, Mama?"

Akatikisa kichwa.

Mtoto, pale mapajani mwangu, akatabasamu. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Hakuwa ananiangalia mimi wala nyanya yake. Alikuwa anaangalia mlango.

Na mimi, ninayelala usingizi mzito kila usiku, nikasikia harufu ya nyasi zikiungua.