Nyongeza ya Mama Rehani

Mizani ya sokoni ilikuwa na jicho moja, dogo kama punje ya choroko, na jicho hilo halikulala. Muuzaji alimimina maharage, jicho likatazama uzito na aina yake, kisha mteja akaweka kiganja juu ya kioo. Chini ya ngozi ya kila kiganja mjini Morogoro kulikuwa na kadingozi, utando mwembamba uliopandikizwa mtu akiwa bado mtoto. Kioo kikiwaka kijani, malipo yamekwisha. Chenji na noti zilizochanika zilikuwa zimebaki kwenye masimulizi ya wazee.

Mama Rehani alikuwa ameuza maharage mahali hapo tangu Rehani akiwa mgongoni, na mkono wake ulikuwa na desturi ambayo mizani haikufundishwa. Malipo yakishapita, alichota konzi moja gunini na kumwongezea mteja.

"Hiyo ndiyo konzi?" Mama Tunu, jirani yake, alimwambia asubuhi ile akitikisa kapu. "Mkono wako umekonda, au umefunga?"

"Shika njia, Mama Tunu. Ukiendelea nitakuuzia gunia tupu."

"Ongeza hapo, usinibanie. Baba Rehani ameamkaje?"

"Ameamka vizuri. Jana alimaliza uji wote."

"Afadhali. Mwambie nitampitishia ndizi."

Mama Rehani akacheka, akaongeza. Kioo cha mizani kikawaka njano, rangi ambayo hakuwahi kuiona, na sauti ikatoka ndani yake, ya upole kama ya muuguzi: "Shauri limefunguliwa dhidi ya mfanyabiashara huyu. Ijumaa, mbele ya Mwamuzi."

Mama Tunu alizunguka meza, akamkalisha kwenye kigoda, akasimama mpaka alipomwona anapumua sawasawa.

Kila mtu sokoni alijua maana ya kushindwa shauri. Walikuwa wamemwona Msuya, muuza nyama, alipofungiwa na Fumbato, mtandao uliobeba malipo yote ya mji. Kiganja chake kilikuwa cheusi kwenye kila kioo. Bomba la maji halikumfungukia, wala mlango wa treni. Alisimama mbele ya duka la dawa, mkono wazi, kama mtu anayeuomba ukuta sadaka. Kisha akaondoka mjini na hakuna aliyemsikia tena.

Mama Rehani hakujifikiria yeye. Alimfikiria mumewe, ambaye damu yake ilichujwa hospitali kila baada ya siku moja. Mashine ile ya kuchuja ilifunguliwa kwa kiganja cha mkewe. Kiganja kikiwa cheusi, haiwaki.

Wakili aliitwa Theofrida, binti mdogo mwenye ofisi juu ya soko. Alimvutia mgeni wake kiti karibu, akammiminia chai, na hakukiwasha kioo chake cha malipo. Mama Rehani aliliona hilo na kulitia moyoni.

"Mwanangu, nimeiba nini?"

"Hujaiba, mama. Mkataba wa Fumbato, ule uliouwekea kiganja siku ulipoletewa mizani, una kifungu cha Bei Moja. Kila mwenye kadingozi auziwe kwa bei ileile na mwenzake. Wewe huyu unamwongezea konzi, yule konzi mbili, mwingine humpi kitu. Kwao hizo ni bei tatu, na jicho limekuwa likizihesabu."

"Nisiyempa ni yule asiyesalimia."

Theofrida alitaka kucheka, akajizuia. "Hilo usilitamke mbele ya Mwamuzi."

"Basi twende mahakamani."

"Mkataba umetufungia njia hiyo. Mgogoro wowote unaamuliwa na Mwamuzi, na Mwamuzi ni mashine ya Fumbato wenyewe." Wakili alishusha sauti. "Kuna mwanya mmoja. Kama wateja wanaitarajia nyongeza, ni sehemu ya bei. Kama hawaitarajii, mkono umekosea tu, na kosa la mkono halimfungii mtu. Mizani ina jicho, lakini sheria iliinyima sikio. Haijui mlikuwa mnaambiana nini."

Mama Rehani alielewa, akaweka kikombe chini. "Unataka nikawaombe watu waseme uongo."

"Mimi sijasema hivyo, mama."

Hakumwomba mtu. Lakini Ijumaa, alipoingia katika ukumbi wa Mwamuzi, aliwakuta wateja wake wamejaa kwenye viti, wengine wamevaa nguo zao za sikukuu.

Mwamuzi ulikuwa mnara wa kioo usio na uso. "Atakayesema uongo," ulisema kwa sauti ileile ya upole, "kiganja chake kitafungwa pamoja na cha mshitakiwa."

Mama Tunu ndiye aliyetangulia. Nyumbani alikuwa na wajukuu watatu waliokula kwa kiganja chake. Akakiweka juu ya kioo.

"Ulitarajia kuongezewa?"

"Sikutarajia."

"Uliwahi kuomba?"

"Sijawahi."

Kioo kikapima mapigo yake. "Moyo wako unakwenda mbio."

"Naogopa," Mama Tunu akasema. "Mtafute humu ndani asiyeogopa, umuulize yeye."

Mwamuzi ukaita viganja vyote, kimoja baada ya kingine, hata cha wakili, ambaye naye alinunua kwake. Mioyo yote ilikwenda mbio. Haukuwa na namna ya kutenga woga na uongo, na majibu yote yalikuwa yaleyale: hatukutarajia, hatukuomba.

"Mkono ulikosea," Mwamuzi ukatamka. "Mfanyabiashara hafungiwi. Na kwa kuwa wateja wameapa kwamba hawaitarajii wala hawaiombi nyongeza, atakayeipokea tena atakuwa ameapa uongo, na kiganja chake kitafungwa."

Watu walitoka bila kushangilia. Jioni ile mashine ya hospitali iliwaka kijani, na Mama Rehani alikaa akiushika mkono wa mumewe mpaka damu ikamaliza mzunguko.

Jumamosi Mama Tunu alikuja na kapu lake. Maharage yakapimwa, malipo yakapita. Mkono wa Mama Rehani ukaingia gunini wenyewe. Kabla haujatoka, Mama Tunu alikuwa amelivuta kapu kifuani na kulifunika kwa khanga, uso umempauka.

"Usinifanyie hivyo," akanong'ona.

"Sikufanyii. Ni mkono tu umezoea."

Wakatazamana, wanawake wawili watu wazima, wakiogopa konzi ya maharage.

Mama Tunu akajaribu kutabasamu. "Baba Rehani ameamkaje?"

Mama Rehani alikuwa na mengi ya kumwambia. Kwamba Baba Rehani alilala bila kuugulia, kwamba alimsifu yeye Mama Tunu kwa ujasiri wake, kwamba alilia kidogo. Akafungua kinywa. Ndipo alipomwona mwanamume aliyesimama nyuma kwenye foleni, mgeni ambaye hakuwahi kusalimiana naye, na jicho la mizani katikati yao, ambalo halisikii lakini huona midomo. Huyu atampa maneno mengi, na yule hatampa hata moja: bei mbili. Mkataba ulikuwa na kurasa nyingi, naye hakuwahi kuusoma.

"Hajambo," akasema, na kumwita mteja aliyefuata.