Siku Mia Moja na Thelathini kwa Miguu

Jioni ile Mama aliniletea chakula kazini kama kawaida, mwanangu mgongoni mwake. Kazi yangu ni kuzungushia nailoni mizigo ya abiria, pale nje ya mlango wa uwanja wa ndege.

Hakukaa. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini:

"Mpaka kule alikofia dada yako ni mbali kiasi gani?"

"Kilomita elfu tano na mia mbili, Mama. Saa saba kwa ndege."

"Na kwa miguu?"

Akahesabu mwenyewe kwa vidole.

"Arobaini kwa siku... Siku mia moja na thelathini."

Dada alipelekwa kule na bwana mmoja, wakala wa kazi za ndani. Alipochoshwa na kipigo cha mwajiri wake alimpigia wakala simu, akamwomba pasi yake ya kusafiria arudi nyumbani. Wakala akacheka. "Ndege imeshaondoka. Tembea!" Dada alitusimulia hayo katika simu yake ya mwisho. Kisha akatembea kweli. Aliokotwa kando ya barabara siku ya tatu. Alirudi ndani ya sanduku, ngozi ya nyayo imekwisha.

Mama akanitia kitambaa mkononi. Kilifungwa fundo. Ndani kulikuwa na mchanga.

Niliujua. Ndio tulioutoa miguuni mwa dada tulipomwosha.

"Wakala anasafiri leo," akanong'ona. "Yule anakuja."

Wakala alikuja akinukia manukato, akalitupa begi mezani kwangu. Hakunijua.

"Funga vizuri, mrembo. Usije ukaifungia na roho yangu humo!"

Nikacheka kidogo, kama mteja anavyopenda. Nikakichomeka kitambaa chini ya mshikio wa begi. Nikazungusha nailoni mara saba. Mzunguko mmoja kwa kila saa.

Sikujuta.

Kesho yake rafiki yangu, mhudumu wa ndege ile, alinipigia simu. Ndege ilipotua abiria wote walishuka isipokuwa mmoja. Safari nzima hakuinuka kitini, hata kwenda msalani. Alikuwa amekufa. Viatu vyake vilikuwa bado vimefungwa kamba. Wakavivua...

Nyayo hazikuwepo.

Soksi zilijaa mchanga.

Nilikimbia kumwambia Mama. Alikuwa anachambua mchele, hata uso hakuinua.

"Huko ni kwenda tu," alisema. "Bado kurudi."

Leo ni siku ya mia moja na thelathini. Jua linazama. Mama ameketi kwenye kigoda, macho mlangoni. Nyumba nzima inanuka vumbi la moto. Nje kuna mtu anaburuta miguu.

Srr... srr... srr...

Kimya.

Mwanangu amejibanza nyuma ya gauni langu. "Mama, huyo mtu amechoka."

Mlango unagongwa. Mara moja tu, taratibu.

"Nifanye nini, Mama?"

Mama anatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Usifungue. Mwambie ndege imeshaondoka. Atembee."

Naweka mdomo kwenye ufa wa mlango. Nasema kama nilivyoambiwa, neno kwa neno, na moyo wangu unafurahi.

Miguu inageuka. Srr... srr...

Ndipo tunasikia kilio kikienda mbali. Chembamba. Cha kike. Tunakijua.

Mama hatabasamu tena.