Aliyeshika Futikamba

Kabla ya alfajiri bomba la uani lilikohoa mara mbili, likatema hewa, kisha maji yakaanza kugonga ndani ya ndoo. Binti aliamka kwa sauti hiyo kila siku, maana maji yakishakatika hayarudi hadi kesho, na miche yake ilikuwa na kiu.

Bustani ilikuwa nyuma ya nyumba zao za kupanga, kati ya soko na barabara kuu. Binti aliuza miche hapo. Mama yake, aliyelegezwa upande mmoja na kiharusi, alijifunza upya kutembea hapo hapo, mkono kwenye ukuta mfupi, hatua arobaini kwenda, arobaini kurudi. Wapita njia walimwondolea mawe mbele ya miguu bila kuombwa.

Manispaa ilipotundika ramani ya mtaa mpya, ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Binti alisukumwa, akamkanyaga kijana mwenye shati jeupe na penseli sikioni.

"Dada, hicho kidole bado nakihitaji."

"Samahani kaka. Nimekuja kutafuta bustani yetu kwenye hii karatasi, siioni."

"Huwezi kuiona. Mchoraji ni mimi, na bado sijaipima."

Kesho yake alifika na futikamba, peke yake. "Bibi Shamba, nishikie huku."

"Nani kakuambia mimi msaidizi wako, Bwana Ramani?"

Lakini alishika. Siku nne alishika ncha ya ile kamba, akimsomea namba kwa sauti, naye akiandika na kucheka. Kijana alikuwa na huruma, hilo tusimnyime. Aliona mama anapumzika juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamletea kiti chenye mikono. Hata kupima kulipokwisha, kila mchana alimpigia binti simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe?"

"Vumbi la mafaili. Halafu nakukumbuka."

"Mimi, au ndizi za mama?"

"Ndizi kwanza. Tusidanganyane."

Majirani walikuwa wameandika barua ya kuipinga ile ramani, wote wakaweka sahihi. Siku thelathini tangu ramani itundikwe zikipita, pingamizi halipokelewi. Binti ndiye aliyepewa aipeleke.

"Usiipeleke," kijana alimwambia. "Itamkasirisha mkuu wangu. Eneo lenu lote litabaki kijani, mita kwa mita. Nimeandika kwa mkono wangu."

Binti akaiweka barua chini ya godoro lake. Majirani walipouliza, aliwajibu wamwache mtu afanye kazi yake.

Wiki iliyofuata mkuu wa kijana aliuliza, "Sheria inataka mita ngapi za kijani?"

"Kama zilivyo za bustani, mzee."

"Imesema ziwe mahali pamoja?"

"Haijasema."

"Basi zigawe. Pale katikati panafaa ghorofa."

Akazigawa. Ukanda wa majani kati ya magari yaliyoegeshwa, ukanda katikati ya barabara, kipande kuzunguka mashine ya umeme. Alipojumlisha, hesabu ililingana kabisa na namba alizosomewa na binti. Kila jioni alijiambia atamweleza kesho. Siku thelathini zikaisha.

Tingatinga lilikuja saa tatu asubuhi. Mama alikuwa kwenye hatua ya ishirini na tatu. Dereva alizima injini, akashuka, akamshika mkono hadi mlangoni kwake. Kisha akarudi, akawasha.

Binti alipiga simu. "Ulijua?"

"Mpenzi, hakuna mita hata moja iliyopotea—"

"Nimekuuliza, ulijua?"

"Nilijua."

"Barua yao iko chini ya godoro langu. Mimi nitawaambia nini watu?"

 Watu hawakumsubiri awaambie. Walipohamishiwa ghorofa ya tano ya jengo jipya, lifti ikiwa bado haijafungwa, hakuna jirani aliyebisha hodi kwao.

Miezi saba baadaye kijana alipanda ngazi za jengo hilo, shati limemlowa mgongoni, pete mfukoni.

"Nimeacha kazi," alisema. "Nataka nikuoe."

Binti alikuwa akimkanda mama mguu, ambao sasa ulikuwa mwembamba kama mkono. Hakuinua uso. "Pete yako sitaivaa. Ningekuchukia ingekuwa nafuu. Nikilala bado nakusomea namba."

Kijana alipiga magoti mbele ya mama. "Niruhusu nikubebe, mama. Nikushushe chini kila siku."

"Unishushe niende wapi, mwanangu?"

Kijana aliinuka. Binti alifungua mlango, akasimama kando, macho ukutani. Kijana alipovuka kizingiti mama alinyoosha mkono wake mzima.

"Ulilolifanya nalijua," alisema. "Ila tangu tuje huku juu, mgeni ni wewe tu. Jumapili uje tena."