Piga Kelele Kwanza

"Vidole gumba bado," Bosi alisema, huku akiendelea kumimina maji kutoka kwenye kopo.

Mama alicheka kichovu, akasugua vidole gumba. Alikuwa ameinama juu ya beseni nje ya mlango. Viatu vyake vilibaki kwenye ngazi, na sare yake ya uuguzi ilizama ndani ya ndoo yenye povu la sabuni.

"Viganja?"

"Tayari, Bosi wangu."

"Haya, pita."

Ndivyo ilivyokuwa kila jioni tangu ugonjwa uingie mjini na Mama apangiwe wodi ya wagonjwa wake. Cheo cha Bosi alikitoa Mama mwenyewe kwa binti yake wa darasa la sita.

"Wodini tunapovua mavazi ya kujikinga, mwenzetu mmoja husimama kutuangalia," alimweleza. "Ukichoka, mkono unakwenda usoni wenyewe, hata hujui. Hapa nyumbani mwangalizi ni wewe. Ukiuona mkono wangu unapanda kabla sijanawa, piga kelele kama umeona nyoka."

Bosi aliipenda kazi hiyo. Bibi, ambaye masikio yake yalikuwa mazito, alisema kelele ya Bosi ndiyo sauti pekee anayoisikia vizuri siku hizi.

Lakini uani alikuwa na jina lingine. Wapangaji walikuwa wengi na bomba lilikuwa moja, na watoto wote pale walimwita Kidudu, kana kwamba ni yeye mdudu wa ugonjwa. Aliyelianzisha jina hilo ni binti wa mwenye nyumba, aliyeitwa Mapozi kwa jinsi alivyotembea. Bosi akifika bombani, Mapozi alipiga yowe, wenzake wakatimua mbio, kisha wakacheka wakiwa mbali. Mwanzoni Bosi alidhani ni mchezo. Halafu mama mwenye nyumba akamwambia asubiri watu wote wachote kwanza, na akimaliza aoshe bomba kwa sabuni ya kwao.

"Si kwa ubaya, mwanangu," alisema. Huenda alisema kweli. Alikuwa mtu mwenye hofu, na hofu ilimfanya asione uso wa mtoto aliyesimama mbele yake.

Alasiri moja wasichana walikuwa wakiruka kamba. Bosi aliwatazama kwa mbali hadi miguu ikamchoka. Mara kamba ikamponyoka aliyeishika, ncha yake ikaangukia karibu na Bosi. Aliiokota, akamnyooshea Mapozi. Mapozi hakuipokea. Alikwenda jikoni, akarudi na mafuta ya taa na kiberiti, akaichoma kamba palepale chini, mbele ya Bosi.

"Mwambie mama yako atununulie nyingine," alisema.

"Awahi lakini," mwingine akadakia, "kabla hajabebwa kwenye jeneza!"

Wakacheka.

Jioni hiyo Mama alichelewa. Bosi alikuwa amekaa kwenye ngazi, amekunja mikono.

"Mama, acha kazi hiyo."

"Leo sina nguvu za maneno hayo, mwanangu. Mimina maji."

Hakuuliza kuna nini, na hilo ndilo lililomchoma Bosi zaidi. Hakuinuka. Mama alivua viatu mwenyewe, akavua sare, akaisukuma ndani ya ndoo. Kisha alisimama, mabega yameshuka. Mkono wake ukapanda. Akalisugua jicho moja, halafu la pili, kwa nguvu.

Bosi aliona. Kelele ilimfika kooni, akaimeza.

"Macho ni yake," aliwaza. "Na yamuwashe."

Mama alinawa mikono tu, akaingia ndani. Dakika chache baadaye Bosi alimsikia akimwambia Bibi kwa sauti kubwa, kwa sababu ya masikio yake: "Mwenzangu wa zamu amefariki! Mchana huu! Mikononi mwangu!"

Kumbe Mama alikuwa akifuta machozi.

Hata wakati huo Bosi angeweza kwenda kumwambia aoshe uso. Maji yalikuwepo, na sabuni pia. Badala yake alibaki kwenye ngazi mpaka giza likaingia.

Siku chache baadaye Mama alianza kukohoa. Homa ilipopanda, gari la wagonjwa likaja kumchukua. Uani watu waliwavuta watoto wao ndani. "Nilisema mimi!" Mapozi alipaza sauti dirishani.

Bosi na Bibi waliamriwa wasitoke mpaka ijulikane kama na wao wameambukizwa. Mama mwenye nyumba hakuridhika na amri tupu. Alisukuma benchi zito likaegemea mlango wao kwa nje. Maji yalipoisha, Bibi aligonga mlango kwa fimbo yake, akaita. Watu walikuwepo, Bosi alisikia kamba mpya ikipiga chini na wasichana wakihesabu. Hakuna aliyeitika.

Aliyeliondoa benchi ni Sista, mkuu wa wodi ya Mama, alipokuja kesho yake akiwa amevaa barakoa.

"Nani ameliweka hapa?"

"Mimi," mama mwenye nyumba alijibu. "Naogopa, Sista. Nina watoto."

"Hata mimi naogopa kila asubuhi. Je, nyumba ingeshika moto?"

Mama mwenye nyumba alikwenda bombani, akajaza ndoo, akaiweka mlangoni.

Sista alibaki hatua chache kutoka kizingitini. "Sitakudanganya, binti. Mama yako ni mgonjwa sana. Anasaidiwa na oksijeni. Nimekuja kuuliza jambo. Mmoja wetu akiugua, lazima tutafute ugonjwa ulikopita. Wenzangu wanamlaumu mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa mwangalizi wodini, kwamba alizubaa mama yako alipokuwa akivua mavazi ya kujikinga. Tumemsimamisha. Analia tu, anasema hakuzubaa."

Bosi alitazama chini. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Alishanyamaza mara moja na hakuna aliyejua.

"Ni mimi," alisema.

Akaeleza yote: kamba, ngazi, macho ya Mama. Bibi, ambaye hakuwa akisikia kitu, safari hii alisikia, akaketi chini taratibu.

Sista alimsikiliza mpaka mwisho. "Kama ni jioni ile au siku nyingine, hatutajua kamwe."

"Kwa hiyo huenda siyo mimi?"

"Huenda. Na huenda ni wewe. Utaishi na hilo, na mimi siwezi kukuondolea. Lakini kesho yule mwanafunzi atarudi kazini. Na kuanzia kesho hakuna atakayetoka na sare, zitafuliwa hospitalini. Hatuulizi ili tupate wa kumchapa. Tunauliza ili tujue pa kuziba."

Bosi na Bibi walipimwa, wakakutwa hawana ugonjwa. Mama alirudi baada ya wiki nyingi, amekonda, akipumzika kila baada ya hatua chache. Bosi hakungoja aulizwe. Alimweleza akiwa amesimama, mikono nyuma.

"Uliniona?" Mama aliuliza.

"Nilikuona."

"Na hukusema."

"Nilikuwa nimekasirika."

Mama aliugeuza uso wake ukutani. "Inaniuma kuliko kifua," alisema mwishowe. "Itapoa, lakini si leo."

Bosi alilia bila sauti. Baada ya muda Mama alimvuta akakaa kando yake.

"Kukasirika si kosa. Walikutenda vibaya, na mimi sikukuuliza. Nuna wiki nzima ukitaka. Lakini ukikabidhiwa usalama wa mtu, usingoje moyo wako utulie. Piga kelele kwanza, unune baadaye. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mama."

Nguvu zilipomrudia, Mama alirudi wodini. Jioni ya kwanza Bosi alimngojea kwenye ngazi, kopo mkononi. Mapozi alikuwa bombani; hakupiga yowe, wala hakumsalimia. Mama alivua viatu vyenye matope, akashusha pumzi, na mkono ukaanza kupanda kufuta jasho.

"MAMA!"

Mapozi aliangusha ndoo. Mkono wa Mama uliganda hewani.

"Nimesikia!" Bibi aliitikia kutoka ndani.

Mama aliushusha mkono, akainama juu ya beseni. Bosi alimimina maji, macho yake hayabanduki kwenye vidole. Viatu vilibaki kwenye ngazi na matope yake. Kuvisugua kungengoja kesho.

"Vidole gumba bado," alisema.